Kwa Mama, Aliyefuma Zamu

Mwaka umekatika, Mama, tangu vidole vyako vilipoacha kutafuta nyuzi juu ya shuka la hospitali. Watu walituambia mwaka ukipita uchungu hupungua. Tumesubiri. Haujapungua, umeizoea nyumba tu, unajua kila mtu analala wapi.

Tunakuandikia wewe, ila tunajua wengine watasoma. Na wasome. Wengi walikujua kama "yule mama wa mikeka", na wewe maisha yako yote hukusuka mkeka hata mmoja. "Mkeka una wenyewe," ulikuwa ukisema, "tena kazi yake ngumu, siiwezi. Mimi nafuma." Wakisema basi ni mazulia, ulikuwa unacheka mpaka unakohoa.

Kikohozi hicho tulizaliwa tukakikuta. Tulipokuwa wadogo kilikuwa kwetu kama mlio wa mlango: tukikisikia njiani tunajua Mama karudi, tunakimbia kuficha tulichovunja. Hatukujua kuwa ni ugonjwa. Tulidhani ni sauti yako.

Kilitoka kiwanda cha magunia. Uliingia pale kabla hujaolewa, wewe na mdogo wako, Mama Mdogo wetu, mkapewa mashine zinazotazamana. Ulitusimulia mara nyingi: ukumbi mrefu kama barabara, mashine safu mbili, paa la bati, na vumbi la mkonge linaelea hewani tangu asubuhi kama unga uliokataa kutua. Mlijifunga vitambaa puani, msimamizi akavikataza, eti vikifunguka vitaingia mashineni. Mkitoka zamu nyusi nyeupe, kope nyeupe. "Tulikuwa tunaingia wasichana, tunatoka vikongwe," ulisema. "Tukioga, tunakuwa wasichana tena." Baba alikuwa fundi bomba wa kiwanda hicho. Mpaka leo anasema alikupenda kabla hajaijua rangi ya nywele zako.

Kiwandani ndiko ulikoanza kuokota. Ncha za nyuzi zilizokatika, zile zinazofagiliwa pembeni zikachomwe moto, wewe ulizitia kwenye mfuko wa plastiki ukaondoka nazo. Mlinzi wa langoni alikuwa akiupekua, anakuta takataka.

"Dada, hizi za nini?"

"Za kufikiria," unamjibu, unapita.

Kisha asubuhi moja mlikuta mnyororo langoni. Hakuna aliyewaambia lolote. King'ora hakikulia. Mlisimama nje na sare zenu za buluu mkisubiri mtu mwenye ufunguo, hadi jua likawachoma utosini, mkaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu akijifanya amekumbuka kitu nyumbani.

Kazi iliisha, lakini mikono haikupata habari. Ulikaa sebuleni ikawa inakwenda yenyewe, kushoto, kulia, kama inapitisha uzi. Baba akashindwa kuvumilia. Akakibomoa kitanda chenu cha mbao, akapiga misumari hapa na pale, akakutengenezea kitanda cha kufumia. Ninyi wawili mkahamia kwenye godoro, sakafuni. Watu wakimsalimu na kumuuliza habari za nyumbani alijibu, "Salama, ila mke wangu kaninyang'anya kitanda, amelaza uzi."

Cha kwanza ulichofuma kilitoka kimepinda, kina matundu, upande mmoja mzito na mwingine kama utando wa buibui. Ukakitundika ukutani. Jirani yetu fundi viatu akaja kutazama.

"Shemeji, busati hili mbona lina matundu?"

"Si busati."

"Sasa ni nini?"

"Ni ile jioni mvua ilipokatika ghafla, tukasikia watoto wa nyumba ya pili wanalia."

Akakitazama tena, akainamisha kichwa upande mmoja, akainamisha upande wa pili. "Watoto nimewaona," akasema. "Mvua sijaiona."

"Si ilishakatika," ukamwambia.

Aliondoka akicheka, lakini siku ya pili alirudi na mkewe.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Hukujiita msanii, neno hilo ulikuwa ukiliona kubwa, kama nguo ya kuazima. Ila mtu akikuuliza kitu ulichofuma ni cha kazi gani, ulikuwa unakasirika kidogo. "Ni cha kutazama," ulikuwa ukisema. "Macho nayo yana njaa yake." Ulitufundisha kutazama. Ulimshika Kitinda, mtoto wako wa mwisho, mkono wake ukiwa juu ya uzi, ukamwambia asikilize kama umekaza au umelegea. Yeye ndiye pekee kati yetu aliyesikia. Sisi wengine tulisikia kitambaa tu.

Mama Mdogo akatangulia. Kifua chake kilikuwa kibovu kuliko chako. Mwishoni alilala ameketi, kwa kuwa akijinyoosha pumzi inapotea. Ulikuwa naye siku hiyo, mchana, mnaongea habari za bei ya vitunguu, akanyamaza katikati ya neno. Baada ya mazishi ulikaa wiki nyingi bila kufuma. Ulipika, ulifua, ulitujibu tukikuuliza. Lakini ulikuwa kama nyumba iliyofungwa madirisha.

Halafu ukatoka. Ukaenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta wenzako wa zamu yenu, wale mliokuwa mkikaa nao karibu. Ulimpata Kipini, mwembamba, mwenye macho yanayoona kosa kutoka mlangoni. Ulimpata Kidole, ambaye mashine ilimwachia vidole tisa akajipa jina mwenyewe kabla watu hawajampa. Ulimpata Bubu, aliyeitwa hivyo kwa dhihaka kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza.

"Nataka tufume zamu yetu," ukawaambia.

"Tuifume vipi?" akauliza Kidole. "Kiwanda kimefungwa, mashine zimeuzwa vyuma chakavu."

"Ndiyo maana."

Kipini akakuuliza kitu kimoja tu: "Na mdogo wako?"

"Chake nitafuma mimi."

Fundi cherehani mmoja aliwapa chumba cha nyuma ya duka lake, chenye dirisha moja na ukuta mrefu. Kila mmoja alileta sare yake ya zamani. Mlizichana zikawa tepe nyembamba za buluu, mkazifuma pamoja na uzi wa mkonge. Kila mwanamke na kipande chake kirefu kuliko mlango mara kadhaa, na mwisho mngevishona ubavu kwa ubavu viwe kitu kimoja. Wewe ulikuwa na viwili. Asubuhi chako, alasiri cha marehemu.

Kitinda alikuwa anaanza darasa la kwanza mlipotia uzi wa kwanza, na alikuwa anamaliza shule ya msingi mlipofunga pindo. Miaka yote hiyo tulikijua kile chumba kwa kelele. Bubu anapiga soga, Kidole anamzomea, Kipini anasema, "Fumua hapo," na sauti zenu zinakatizwa na kikohozi, mmoja akianza wote mnafuatia kama kwaya, halafu mnacheka.

Tuseme ilivyokuwa, maana wengi wanaosoma hapa hawakuiona. Chini Zamu ilikuwa nzito, buluu iliyokolea, imekazwa hata sindano haipiti. "Hapo ni asubuhi," ulikuwa ukieleza, "tunaingia." Ikipanda inapungua. Buluu inapauka, mkonge unatokeza, nyuzi zinaanza kuachana, matundu yanaanza kama ya nondo halafu yanakuwa ya kupitisha ngumi. Juu kabisa hapakuwa na kitu ila nyuzi za wima zimesimama peke yake, unaona ukuta kupitia katikati yake. "Hapo ni jioni. Tumeisha." Na katikati ya vipande vile vitano kilikuwapo kimoja kilichokatika mapema, chini ya vingine, kikabaki nyuzi tupu kwa urefu wote uliobakia. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni cha nani. Kipini alipokiona kimekaa mahali pake alitoka nje, akasimama uani ametupa mgongo.

Ukumbi wa mji ukakubali kuitundika. Siku ya kuifungua mlivaa vizuri, mkakaa mstari wa nyuma kwa kuwa wa mbele ulikuwa na watu wake. Mgeni rasmi akasema mama zetu hawa wametupambia ukuta, akapigiwa makofi. Ubavuni mwa Zamu walibandika kibao: Pambo la ukutani, kazi ya mikono ya akina mama.

Ulikwenda kumwona mkuu wa ukumbi. Dada yetu mkubwa, muuguzi, alikusindikiza, ndiye aliyetusimulia.

"Ina jina," ulimwambia. "Inaitwa Zamu. Na sisi tuna majina."

"Mama, kibao chenyewe kidogo."

"Andika herufi ndogo."

"Tutaangalia."

"Yule mwenye picha ya farasi pale mlangoni, jina lake limeandikwa kubwa kama kichwa changu."

"Yule ni msanii, Mama."

"Na sisi?"

Hakukujibu vibaya. Alitabasamu, akaagiza uletewe soda. Uliishika ile chupa mpaka ikapata joto, ukaiweka mezani haijafunguliwa, ukaaga.

Hata hivyo uliipenda ilivyokaa pale. Jumamosi ulikuwa unakwenda kuketi kwenye benchi mkabala nayo, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Siku moja ulirudi unang'aa, hukuvua hata viatu. Msichana mmoja, mgeni kabisa, alisimama mbele ya Zamu akiwa na bahasha zake, akaanza kuitazama kutoka chini kwenda juu. Alipofika juu akashika shingo.

"Shangazi," akakuuliza bila kukujua, "hiki kitu mbona kinanikaba?"

"Ukamjibuje?" tukakuuliza.

"Nilimwambia avute pumzi," ukasema. "Nikamwambia avute kwa niaba yetu."

Hatukukuona tena na furaha ya namna ile. Tunashukuru ilikuwapo hata siku hiyo moja.

Bubu alihamia kwa wanawe, mbali, na huko akafia. Kidole akafuata. Macho ya Kipini yakaanza kuingia ukungu. Ukumbi ukapata mkuu mwingine, na huyo akataka kuukarabati. Tulisikia, tukadhani Zamu itakunjwa, itawekwa stoo, itarudi ukutani. Ulituma ujumbe, ulipiga simu, ulijibiwa kwamba vitu vyote vimehifadhiwa.

Mwanao wa pili, dereva wa lori, ndiye aliyeiona. Alikuwa amepeleka mchanga pale ukumbini, msimu wa mvua, akaingiza lori kinyumenyume hadi ua wa nyuma. Kulikuwa na lundo la mifuko ya saruji limefunikwa kwa kitu cha buluu. Anasema ile buluu ilimvuta jicho, akashuka kwenye lori akaisogelea. Kisha akaona nyuzi za wima, zimelala matopeni.

Akampigia Dada. "Nimeiona Zamu."

"Iko wapi?"

"Usimwambie Mama."

Lakini ulikuwa umekaa karibu na Dada, na simu za siku hizi zinapiga kelele. Ulikuwa umeshasimama.

Walikwenda nawe, Dada na Kitinda. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Maji yalikuwa yameipita Zamu yakaingia mifukoni, mifuko ikapasuka, saruji ikapanda ndani ya uzi na kuganda. Sehemu ya chini, ile nzito ya asubuhi, ilikuwa imekauka na umbo la mifuko, ina mabonde na vilima. Msimamizi wa ujenzi alikuwa kijana mwenye adabu. Aliwaletea viti.

"Mama, gunia lenu hili limetusaidia sana mvua hii," akasema.

Kitinda alitaka kumrukia. Wewe ulimshika mkono. "Hajakosea," ukamwambia. "Uzi ni ule ule."

Tungetamani ungepiga kelele siku ile, Mama. Tungetamani ungelia, ungewatukana, ungekaa chini ukakataa kuondoka. Uliuliza tu kama wangeweza kuwasaidia kuipakia. Walihitajika wanaume wa ua mzima.

Mkuu mpya wa ukumbi alisema hakuwa na habari. Alisema kwa upole kwamba kwenye orodha ya vitu vya sanaa alivyokabidhiwa hapakuwa na kitu kama hicho, na labda kilihesabiwa pamoja na mapazia.

Baba alikujengea kibanda cha bati uani. Ukaketi chini yake na nyundo ndogo na sindano nene, ukaanza kuitoa saruji uzi kwa uzi. Ulianzia kipande cha Mama Mdogo. Chako hukukigusa, kilikuwa pembeni, ndicho kilichonywa saruji kuliko vyote. Kila ukigonga, vumbi jeupe linaruka. Jioni tulikuwa tunakukuta nyusi nyeupe, kope nyeupe, na Baba amesimama mlangoni anakutazama.

Dada alikuomba kama muuguzi, akakuomba kama mwana. "Mama, vumbi hili litakuua."

"La kwanza lilishaniua, mwanangu. Hili linafagia tu."

"Basi acha Kitinda afanye."

"Kitinda kifua chake kizima. Asisogee hapa."

Kitinda alikuwa amesimama kando ya mlango, amefunga kitambaa puani, na sindano mkononi. Ulimtazama mpaka akarudi ndani. Tangu siku hiyo hajawahi kufuma. Tulimkuta siku moja amekaa mbele ya uzi uliotandwa, mikono mapajani. Alisema hasikii kitu.

Kipini alikuwa akiletwa na mjukuu wake kukaa nawe. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Mlikuwa mnaongea kidogo. Hukumwambia Zamu iko katika hali gani. Ulimwambia ina vumbi, unaifuta. Naye alikuwa anaisikia nyundo na hakuuliza kwa nini vumbi linafutwa kwa nyundo.

Ulimaliza nyuzi tupu za mdogo wako, zile za juu. Ulifika pale ambapo ufumaji wenyewe unaanza, ambapo kipande chake kilikatika. Hapo ndipo ulipoanguka.

Hospitali ulilala ukiwa umeketi. Tulijua maana yake, sote tulikuwa tumemwona Mama Mdogo. Uliongea kwa vipande, neno, pumzi, neno.

"Ikateni," ulisema. "Kila mtu apewe chake."

"Mama, ni kazi moja ile," Dada akasema.

"Ilikuwa moja. Sasa ni saruji. Wapeni watu... watu wao."

Hukusema neno jingine lenye maana baada ya hapo. Ulianza kulivuta shuka, unatafuta ncha. Kitinda akachomoa uzi kutoka pindo la nguo yake akakuwekea vidoleni. Ulipoupata ukatulia. Asubuhi ulikuwa umeshaondoka, na uzi umebaki.

Tulifanya ulivyotaka. Mkasi haukukata. Kisu hakikukata. Baba akaenda kuchukua msumeno wake wa chuma, ule aliokatia mabomba maisha yake yote, akapiga magoti uani, akakata pale mlipoishonea ubavu kwa ubavu. Alikuwa anakata kidogo anapumzika, anakata kidogo anapumzika, na hakutaka kupokewa. Mlio wake ulikuwa wa kukata chuma. Majirani walifunga madirisha.

Nyumbani kwa Bubu hatukumpata mtu wa kumwambia. Wanawe walikuwa wameshahama na waliokuwapo hawakuwa na habari zao, tukarudi nacho, tukakiweka pamoja na cha Mama Mdogo. Kwa Kidole mwanawe alikipokea kwa heshima, akatushukuru, akatuketisha. Miezi baadaye Dereva alipita pale na lori, akakiona kimetandikwa mlangoni, watu wanafutia viatu. Alikaa na jambo hilo muda mrefu kabla hajatuambia. Hatumlaumu yule kijana. Kinafaa kwa kazi hiyo.

Kipini tulimpelekea chake mikononi. Kilikuwa na nafuu, upande wa juu ulikuwa bado unajikunja. Alikipapasa kuanzia juu, pole pole, akashuka. Katikati akasimama.

"Hapa nilikosea," akasema. "Mama yenu aliniambia nifumue, nikakataa. Tulinuniana."

Akaendelea kushuka mpaka vidole vyake vikafika kwenye ugumu. Akavirudisha upesi, akavikunja kifuani.

"Na chake kikoje?" akauliza.

"Kiko vizuri, Bibi," Kitinda akamjibu.

"Kiko laini?"

"Laini."

Akatingisha kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye macho yasiyoona kitu. Hatujui kama alimwamini.

Kipande chako, Mama, tulijaribu. Tulikilowesha, tukakisugua kwa siki kama mtu mmoja alivyotushauri, tukakigonga kwa nyundo yako. Ukiitoa saruji uzi unatoka nayo. Kila tulipokuwa tunakisafisha tulikuwa tunakimaliza, tukaacha. Tulikwenda ukumbini kuona kama kuna picha yoyote ya Zamu ilipokuwa nzima. Ukuta ule sasa ni mweupe, una televisheni kubwa ya matangazo. Mpiga picha wa siku ile tulimpata, ana picha nyingi, zote za mgeni rasmi. Katika moja, nyuma ya bega lake, kuna ukingo mwembamba wa buluu. Unaweza kuwa pazia.

Hatuandiki haya ili tuonewe huruma. Tunayaandika kwa sababu ilikuwapo. Palikuwa na kitu kikubwa kilichofumwa na wanawake waliokuwa wakikohoa, na mtu aliyekitazama alikosa pumzi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye lile benchi atatuambia kuwa hatukuota.

Tumekiweka chako sebuleni. Hakihitaji msumari wala kamba, tumekiegemeza ukutani kikasimama chenyewe kama ubao. Juzi mjukuu wako mdogo, yule uliyembeba akiwa mchanga na hatakukumbuka, alikisogelea. Akakigonga kwa ngumi yake, akaweka sikio, akasikiliza. Kisha akamgeukia Baba.

"Babu, Bibi alikuwa anajenga nyumba?"

Baba alifungua kinywa. Tulimsubiri sote. Akamvuta mtoto mapajani, akamfuta saruji mkononi kwa kona ya shati lake.

Unakumbukwa na mumeo, fundi bomba, ambaye bado analala upande wake tu wa godoro. Binti yako mkubwa, muuguzi. Mwanao, dereva wa lori, na mkewe. Kitinda mimba wako. Wajukuu wako wote. Shemeji yako fundi viatu na mkewe. Na Kipini, wa mwisho wa zamu yenu.

Lala, Mama, na huko pumzi isikupungukie. Sisi kukusahau hatujui, na hatutajifunza.